Maktaba ya Umma: Historia Yake na Jinsi ya Kuitumia



Nimepewa nafasi katika ukurasa wa Kiswahili niandike somo, nami nimechagua habari za maktaba ya umma. Sababu yangu ni hii. Mwaka huu sisi wa kidato cha nne tutaingia katika mtihani wa MSCE, na vitabu tulivyo navyo darasani ni vichache. Kitabu kimoja cha historia chasomwa na watu wanne au watano. Wengi wetu kwetu ni Dzaleka, na huko nyumba yenye rafu ya vitabu ni ya kutafutwa. Lakini mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka kambini, mjini Lilongwe, iko maktaba ambayo haikuwekwa kwa ajili ya matajiri wala kwa ajili ya watu wa vyuo peke yao. Wenzetu wengi wakipata ruhusa ya kwenda mjini hushuka Mji wa Kale, huingia soko la Tsoka, hununua viatu na mashati ya mitumba, kisha hurudi. Hawaulizi habari za vitabu, maana hawajui kwamba yafaa kuuliza.

Basi nitaeleza maktaba ya umma ni kitu gani, ilianzaje, inafanya kazi gani, na mwanafunzi aitumieje. Mwisho nitasema juu ya dhamana, maana hapo ndipo penye shida yetu sisi.

1. Maktaba ya umma ni nini?

Kuweka vitabu pamoja ni jambo la zamani sana. Wafalme wa Ashuru walikuwa na nyumba ya vibao vya udongo vilivyoandikwa. Alexandria katika Misri palikuwa na maktaba mashuhuri. Timbuktu wanazuoni walihifadhi vitabu vya mkono kwa karne nyingi. Hata katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, Lamu na Pate, jamaa za wanazuoni walitunza vitabu vya dini na tenzi katika masanduku, baba akimwachia mwanawe. Lakini maktaba hizo zote zilikuwa za mfalme, au za msikiti, au za ukoo fulani. Mgeni aliingia kwa hisani tu.

Maktaba ya umma ni tofauti kwa mambo matatu. Kwanza, gharama zake hulipwa kwa fedha za watu wote, yaani kodi. Pili, iko chini ya sheria, si chini ya mapenzi ya mtu mmoja. Tatu, mlango wake ni wa kila mtu. Nchi ya Uingereza ilitunga sheria yake ya maktaba za umma mwaka 1850, na mfano huo ukaenea katika nchi nyingi. Mwaka 1949 UNESCO ilitoa tangazo juu ya maktaba za umma, nalo limetengenezwa upya mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 2022. Katika tangazo la mwaka 1994 ilielezwa kwamba maktaba ya umma yapasa kumhudumia kila mtu sawasawa, pasipo kujali umri, rangi, dini, lugha, wala taifa lake. Angalieni neno hilo la mwisho, taifa. Mwaka huo huo wa 1994 ndio Dzaleka ilipofanywa kambi ya wakimbizi.

2. Historia yake katika Afrika ya Mashariki

Mombasa ilikuwa na maktaba iliyofunguliwa kwa watu wote tangu mwaka 1903, iliyoitwa kwa jina la Seif bin Salim. Nairobi ilipata Maktaba ya McMillan mwaka 1931. Jengo lile lenye nguzo kubwa na simba wa mawe mlangoni lilijengwa kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan. Walakini kwa muda wa miaka zaidi ya 25 lilikuwa la Wazungu tu. Mwafrika aliweza kupita barabarani akaona simba, lakini vitabu hakuviona. Mlango huo ulifunguliwa kwa watu wote mwaka 1958. Siku hizi jengo hilo ni mali ya jiji, na tangu mwaka 2017 wako Wakenya walioanzisha chama kiitwacho Book Bunk ili kulitengeneza pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Nimelitaja jambo hilo ili tujue kwamba neno "umma" halikuwa na maana moja siku zote. Kila mara palikuwa na watu waliohesabiwa kuwa umma na watu walioachwa nje, na kila mara kazi ilikuwa kuongeza hesabu ya walio ndani.

Mwaka 1948 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata chombo kimoja cha vitabu, East African Literature Bureau. Chombo hiki kilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine, na zaidi ya hayo kilipeleka masanduku ya vitabu katika vijiji. Sanduku lilikaa mahali kwa muda, watu wakasoma, kisha likabadilishwa kwa sanduku jingine. Baada ya uhuru kila nchi ikajitungia sheria yake: Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, Kenya mwaka 1965. Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere siku ya tarehe 9 Desemba 1967.

3. Historia yake katika Malawi

Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Sheria ya kuanzisha Huduma ya Maktaba ya Taifa ilipitishwa na Bunge mwaka 1967, na kazi ikaanza mwaka 1968. Mji mkuu ulipohamishwa kutoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975, Lilongwe ikakua haraka, na leo makao makuu ya Huduma hiyo yako huko. Maktaba zake kubwa ziko Lilongwe, Blantyre na Mzuzu, na vipo vituo vingi vya vijijini na mashuleni vinavyopelekewa vitabu. Zomba nako hakukubaki patupu. Huko iko Nyumba ya Nyaraka za Taifa, ambako nakala za vitabu vinavyochapwa nchini hupelekwa kwa amri ya sheria ili zihifadhiwe.

Lakini historia si ya furaha tupu. Mwaka ule ule wa 1968 ilitungwa pia sheria ya kuchunguza vitabu, michezo na filamu, na vitabu vingi vikapigwa marufuku katika zamani za Rais Hastings Kamuzu Banda. Mshairi Jack Mapanje alichapisha mashairi yake London mwaka 1981. Mwaka 1985 ikatoka amri kitabu chake kiondolewe madukani, maktabani na mashuleni. Mwaka 1987 yeye mwenyewe akatiwa katika gereza la Mikuyu, akakaa humo mpaka mwaka 1991. Na Dzaleka yetu, kabla ya kuwa kambi, ilikuwa gereza ambamo walitiwa wafungwa wa siasa. Jina lake kwa Kichewa lina maana ya mtu anayesema kwamba ataacha, hatarudia tena. Basi sisi tunasoma vitabu mahali ambapo zamani watu walifungwa kwa ajili ya maneno yao. Yafaa tukumbuke hayo tunapoona rafu ina vitabu vya kila namna, vyenye mawazo yanayopingana, na hakuna anayetuuliza kwa nini tunavisoma.

4. Kazi za maktaba ya umma

Wengi hudhani kazi ya maktaba ni kuazimisha vitabu basi. Kwa kweli kazi zake aghalabu ni hizi:

Kwanza, kusoma humo humo ndani. Mtu huchukua kitabu rafuni, huketi mezani, husoma, kisha hukiacha. Kwa mwanafunzi wa kambini hii ni faida kubwa, maana nyumbani mwetu meza ni moja na taa ni moja, na watoto wadogo hawajui mtihani ni nini.

Pili, kuazima na kwenda na kitabu nyumbani, kwa siku zilizowekwa. Huduma hii ni ya wanachama.

Tatu, vitabu vya rejea, yaani kamusi, ensaiklopidia, atlasi na ripoti za serikali. Hivi haviazimwi. Mtu huvitazama pale pale ili apate jibu.

Nne, magazeti. Asiyeweza kununua gazeti kila siku aweza kulisoma maktabani.

Tano, mkutubi mwenyewe. Kazi yake si kugonga muhuri tu. Amefundishwa kumsaidia mtu apate anachokitafuta. Msimwogope. Mwende na swali lililo wazi. Usiseme, "Nataka kitabu cha sayansi." Sema, "Nataka kitabu kinachoeleza jinsi damu inavyozunguka mwilini, cha kiasi cha kidato cha nne."

5. Jinsi ya kutafuta kitabu

Mwaka 1876 Mmarekani aitwaye Melvil Dewey alitoa mpango wa kupanga vitabu kwa namba, nao hutumika katika maktaba nyingi duniani. Elimu yote imegawanywa mafungu 10:

000 mambo ya jumla
100 falsafa
200 dini
300 mambo ya jamii, sheria, uchumi na elimu
400 lugha
500 sayansi
600 ufundi, utabibu na kilimo
700 sanaa na michezo
800 fasihi
900 jiografia na historia

Kila fungu hugawanywa tena. Ndani ya 500, hesabu ni 510, fizikia 530, kemia 540, na elimu ya viumbe ni 570 na kuendelea. Kilimo ni 630. Mithali na methali za mataifa ziko 398.9. Lugha ya Kiswahili ni 496.392, na fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Namba hii huandikwa kwenye mgongo wa kitabu, na vitabu hupangwa kwa kufuata namba kutoka kushoto kwenda kulia. Angalia vizuri zile desimali: 540.7 huja kabla ya 541, na 541.2 huja kabla ya 541.35. Hapo wengi hupotea njia.

Sasa tazameni jambo moja la ajabu. Historia ya Kongo ni 967.51. Rwanda ni 967.571 na Burundi ni 967.572. Uganda ni 967.61, Kenya 967.62, Tanzania 967.8. Malawi ni 968.97. Maana yake ni kwamba kijana wa Uvira, kijana wa Bujumbura na kijana wa Dowa, kila mmoja akitafuta historia ya kwao, wote watasimama mbele ya rafu zilizo jirani. Safari iliyowachukua wazazi wetu miezi na miaka, hapo ni hatua chache tu.

6. Mfano mmoja

Tuseme mwalimu wa historia ametuagiza tueleze sababu za John Chilembwe kuinuka juu ya serikali ya kikoloni mwaka 1915. Fanya hivi. Anza na ensaiklopidia, upate habari fupi: yeye alikuwa mchungaji aliyesoma Marekani, akaanzisha misheni yake Chiradzulu, na vita vyake vilianza tarehe 23 Januari 1915. Andika majina na tarehe katika daftari. Kisha nenda 968.97, au uliza mkutubi kitabu cha George Shepperson na Thomas Price, "Independent African", kilichotoka mwaka 1958. Ni kitabu kinene, usikisome chote. Fungua kwanza ukurasa wa yaliyomo, uone sura zipi zahusu swali lako. Halafu fungua nyuma kwenye faharasa, ambako majina yamepangwa kwa alfabeti pamoja na namba za kurasa. Tafuta maneno kama "kodi", "mashamba", "vita", kwa Kiingereza kama kitabu kilivyo. Soma kurasa hizo tu. Andika kwa maneno yako mwenyewe, na pembeni andika jina la kitabu na ukurasa, ili mwalimu akikuuliza uweze kumwonyesha. Mwisho tafuta kitabu cha pili chenye maoni mengine, ulinganishe. Kazi hii yawezekana kufanyika katika asubuhi moja. Ukiwa na asubuhi moja tu ya ruhusa, usiitumie yote Tsoka.

7. Neno juu ya dhamana

Maktaba nyingi za umma humtaka anayeazima awe na mdhamini, mtu mwenye kazi au anwani ya kudumu, atakayelipa kitabu kikipotea. Sharti hili si baya, maana kitabu ni mali ya watu wote. Lakini kwa mkimbizi ni zito. Baba yake hana ajira, anwani yake ni ya kambi, na kutoka kambini kwahitaji ruhusa. Basi mdhamini wetu wa asili ni mwalimu.

Nitawasimulia jambo lililotokea hapa shuleni. Mwaka juzi mwenzetu mmoja aliazima kitabu kizuri cha kemia katika maktaba moja ya mjini, kwa sahihi ya mwalimu. Alikisoma, akampa jirani yake, jirani akampa dada yake, na hivyo kikapita mikono sita. Kila mmoja alikipokea kwa shukrani na hakuna aliyekusudia kukiiba. Yule wa sita jamaa yake waliitwa kwa safari ya kuhamia ng'ambo, wakafunga mizigo kwa haraka, na kitabu kikaenda nao. Mwalimu alilipa kutoka katika mshahara wake. Hakumgombeza mtu. Lakini tangu siku ile walimu wakiombwa sahihi huinamisha macho, nasi hatuwezi kuwalaumu. Mwaka huu hakuna hata mmoja wetu wa kidato cha nne aliye na kadi ya kuazimia vitabu.

Jambo hili lanifundisha kwamba kitabu hakipotei kwa wizi tu. Chaweza kupotea kwa ukarimu. Kwetu mtu akiwa na kitu hawezi kumnyima jirani, na hiyo ni tabia njema. Lakini kitabu cha maktaba si chako hata ukigawe. Umekipokea kama amana. Kuazima si kupewa. Mwenzako akikihitaji, mrudishe kwanza mahali pake, naye akiazime kwa jina lake.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, liwekwe daftari moja shuleni la vitabu vilivyoazimwa nje, likae kwa kiranja, na kila Ijumaa lisomwe mbele ya darasa: kitabu gani, kwa nani, kitarudi lini. Pili, wazee wetu mliosoma hapa na sasa mnafanya kazi Lilongwe au kwingineko, tuchangieni mfuko mdogo wa dhamana, ili kitabu kikipotea kilipwe na mfuko wala si na mwalimu mmoja. Tatu, kama yupo ng'ambo msomaji wa gazeti hili ambaye katika sanduku lake kimelala kitabu chenye muhuri wa maktaba, tafadhali akirudishe kwa posta. Hatamtaja mtu jina lake.

8. Kitabu kimfuate msomaji

Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakikaa mijini warudi Dzaleka. Kambi iliyokusudiwa kwa watu 10,000 hivi sasa ina zaidi ya 50,000. Miongoni mwa waliorudi ni rafiki yangu aliyekuwa akisoma shule ya mjini. Siku moja nilimwuliza anakumbuka nini zaidi cha Lilongwe. Nilidhani atasema soko au mpira. Akasema, "Ile meza ya kusomea. Mtu hakai nawe ila kwa kusoma."

Ikiwa msomaji hawezi kwenda kwenye kitabu, basi kitabu na kimwendee msomaji. Jambo hili si geni. Nimekwisha kutaja masanduku ya mwaka 1948. Garissa, kaskazini mashariki ya Kenya, tangu mwaka 1996 ngamia wamechukua masanduku ya vitabu kuwapelekea wafugaji wanaohamahama. Dzaleka yenyewe, tangu mwaka 2010, watu wamesoma masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti bila kutoka kambini. Kama elimu ya chuo yaweza kuvuka bahari, sanduku la vitabu haliwezi kushindwa na kilomita 40. Lakini sanduku nalo litataka mdhamini, na mdhamini atataka kuona daftari letu. Hivyo tuanze na daftari.

Mazoezi

1. Panga namba hizi kama zinavyokaa rafuni: 967.572, 967.8, 967.51, 968.97, 967.61.
2. Kitabu cha ufugaji wa kuku utakitafuta katika fungu gani? Na kitabu cha sarufi ya Kiswahili je?
3. Andika swali moja la somo lolote ambalo ungempelekea mkutubi, kwa maneno yaliyo wazi. Lilete kwa kiranja wa darasa. Wa kwanza atakayepata ruhusa ya kwenda Lilongwe atachukua maswali yetu yote, na majibu yatasomwa darasani Ijumaa.